Bingwa wa Elwak: Kiti Kimoja cha Ndege

Wiki nzima, msomaji, Guleid amesimama vile vile ulivyomwacha: mguu wa kulia ndani ya uzio wa miiba, wa kushoto nje, na nyuma yake sauti ya mkewe Ugbad ikimwita.

Tusimchoshe zaidi. Hakugeuka.

"Guleid," Ugbad aliita tena kutoka juu ya mkokoteni wa punda. "Toa huo mguu."

Watu walivuta shingo. Walikuwa mia nne au zaidi, wameuzunguka uzio wa matawi ya miiba kama ule wa kulazia ngamia, uliojengwa ukingoni mwa kiwanja cha ndege cha Elwak. Wachungaji walikuwapo, na wenye maduka, na madereva wa malori waliokwama matopeni tangu Novemba. Hakuna aliyekuja kuona ngumi. Ngumi walizizoea kwenye kanda, katika kibanda cha video cha Khalif. Walikuja kuona talaka.

Kwa wewe uliyelikosa gazeti la wiki iliyopita, mambo ni haya.

Mwezi wa Juni, katika kibanda hicho hicho, Khalif alimkejeli Guleid mbele ya wanaume thelathini. Alisema bingwa amepoteza jicho moja na roho yake imetoka na jicho. Alisema anaogopa kupigana kwa sababu mkewe amemkataza. Guleid akasimama, damu imempanda, akaapa kile kiapo ambacho vijana wa kwetu hukitema kama mate, halafu wakakilia miaka.

"Nikipigana tena mbele ya watu," alisema, "Ugbad ameachika kwa talaka tatu."

Alidhani anamfungia Khalif mlango. Kumbe alimkabidhi ufunguo.

Sasa ni Desemba, mwaka wa 1997, mwaka ambao mvua ilisahau kukatika. Barabara ya Wajir imekuwa ziwa. Mbuzi wanatupa mimba na kufa wakiwa wamesimama. Ugbad ana mimba ya miezi minane, na tangu jana asubuhi anatoka damu. Nesi wa zahanati amesema kondo la nyuma limekaa mbele ya mtoto, limeziba njia. Asipopasuliwa atakwenda yeye na mtoto wake. Na mahali pa kupasuliwa ni Garissa.

Kuna ndege moja, ile iletayo miraa. Imetoka Mandera imejaa watu waliokimbia mafuriko, imebaki na kiti kimoja. Mgawaji wa kiti hicho ni wakala wa miraa, na wakala wa miraa ni Khalif. Bei yake si shilingi. Bei yake ni Guleid apigane na Diriye, na Khalif apige picha ya video akauze kanda kutoka Mandera hadi Nairobi.

Umeelewa sasa mguu ule mmoja ulikuwa mzito kiasi gani.

"Ukipigana, mimi si mkeo," Ugbad alisema. Midomo yake ilikuwa myeupe kama chokaa.

"Nisipopigana utakuwa kaburi."

"Basi nizike nikiwa mke wako."

Bi Sharifo, mama yake Ugbad, alikuwa ameketi kando ya binti yake, akishikilia shuka juu ya kichwa chake kumkinga na manyunyu. "Nyamaza, hooyo, mwanangu," alisema. "Usimalize pumzi yako kwa maneno."

Dereva mmoja wa lori akapaza sauti kutoka nyuma. "Mguu mmoja umeshaingia. Hiyo ni talaka moja na nusu, au vipi?"

Watu wakacheka. Si kwa ubaya. Walikuwa wiki sita matopeni, na mtu aliyekwama hucheka chochote.

"Kuingia uzioni si kupigana."

Aliyesema hivyo alikuwa Sheikh Mowlid. Usimfikirie mzee mwenye ndevu nyeupe. Sheikh Mowlid alikuwa na miaka thelathini na mitatu, mwalimu wa watoto wa chuo cha Kurani, miwani yake imefungwa kwa waya wa redio mbovu. Alipenya katikati ya watu, kanzu imelowa tope mpaka magotini, akamshika Guleid bega.

"Guleid, nijibu swali moja tu. Umelazimishwa?"

Guleid aliutazama mguu wake wa ndani.

"Sikiliza, walaal, ndugu yangu. Mtu akilazimishwa, talaka yake haisimami. Hii si huruma yangu mimi, ni sheria. Sema neno moja mbele ya hawa watu. Sema Khalif amekulazimisha kwa kukushikia roho ya mkeo. Halafu ingia, pigana, umwokoe, na mke wako abaki mke wako."

Msomaji, umewahi kuwa gizani mtu akakufungulia dirisha? Guleid aliuona mwanga. Kwa mara ya kwanza tangu jana asubuhi alivuta pumzi ikafika chini. Akafungua mdomo.

"Sheikh, mimi pia niulize."

Khalif alikuwa juu ya pipa la mafuta, kamera ya video begani, jicho moja limefumbwa. Alikuwa mtu mnene, mwenye sauti laini, na hakuwahi kuonekana akikasirika.

"Mimi si jambazi," alisema. "Sijamshika mtu mkono. Guleid akisema nimemlazimisha, namwachilia sasa hivi, mashahidi ni nyinyi. Hakuna pigano. Na kama hakuna pigano, kiti changu nampa mwingine. Wapo wanaokitaka."

"Unamwogopa Mungu wewe?" Sheikh aliuliza.

"Ndiyo maana simlazimishi mtu."

Dirisha likafungwa. Guleid aliyasikia makomeo yake. Akisema amelazimishwa, mke anabaki wake na anakufa. Akisema hakulazimishwa, mke anapona na si wake.

Alimwangalia Ugbad. Jicho lake la kulia, lile zima, lilimwona vizuri: mkono wake mmoja juu ya tumbo, na chini ya mkeka, doa jekundu likizidi kupanuka. Ugbad alikuwa akitikisa kichwa. Hapana, hapana, hapana.

"Sikulazimishwa," Guleid alisema.

"Rudia," Khalif alisema kwa upole, akiigeuza kamera. "Wa nyuma hawakusikia."

"Sikulazimishwa."

Sheikh Mowlid alivua miwani yake akajifuta uso. Guleid akauingiza mguu wa kushoto.

Ndani ya uzio Diriye alikuwa akimngoja, kifua wazi, miguu mitupu katika tope.

Ukimtazama Diriye utadhani unamtazama adui. Ngoja nikuambie alikuwa nani.

Guleid alizaliwa kwenye visima vya Elwak, na kabla hajajua kusoma alikuwa akiwaangusha ndama wa ngamia kwa kuwashika shingo na mguu. Alipopelekwa shule Garissa, kocha mmoja wa mieleka akamwona akigombana uwanjani, akamwambia, wewe hujui kupigana, lakini unajua kuangusha, njoo. Katika mkeka wa kocha yule alimkuta kijana mwingine mwembamba kutoka Hulugho. Ndiye Diriye. Walilala chumba kimoja, walikula sahani moja, na kila jioni waliangushana mpaka masikio yao yakavimba kama vitumbua. Guleid alipotwaa ubingwa wa taifa wa kilo themanini na mbili, mwaka wa 1993, wa 1994 na wa 1995, aliyembeba mabegani kuzunguka mji wa Garissa alikuwa Diriye.

Lakini bingwa wa mieleka katika nchi yetu anakula nini? Medali haipikwi. Mwaka wa 1996 wote wawili walikwenda Nairobi, kwenye ukumbi ambamo wanamieleka, mabondia na watu wa karate walichanganywa pamoja, ngumi, teke, kabali, lolote. Guleid alishinda mapambano manne. La tano wakampa Diriye. Katikati ya vurugu, dole gumba la Diriye likaingia katika jicho la kushoto la Guleid.

Diriye alisema ni bahati mbaya. Guleid aligeuza mgongo akaondoka. Hawakuwa wamezungumza tangu siku hiyo.

"Asalaam aleikum," Diriye alisema sasa, kwa sauti ndogo.

"Waaleikum salaam."

"Anzeni," Khalif alisema. "Mwisho ni mtu kupiga mkono chini mara tatu. Au kuzimia."

Diriye alianza kuzunguka kushoto, upande wa jicho bovu. Ngumi ya kwanza Guleid hakuiona kabisa. Ilimkuta sikioni. Ya pili ikamkuta mbavuni. Watu wakapiga kelele, na katika kelele hizo Guleid alisikia kitu kidogo kikikatika ndani yake. Haikuwa mbavu. Tendo limeshatendeka. Amepigana mbele ya watu. Ugbad ameachika.

Basi hakuna tena la kupoteza, alijiambia, na alikosea, kama utakavyoona.

Akaingia chini. Hivyo ndivyo alivyoshinda mataji matatu: kichwa ubavuni mwa mtu, mikono miwili nyuma ya goti, bega linasukuma. Diriye akaruka nyuma, lakini tope halina rafiki. Akateleza. Wakaanguka wote wawili, kifua kwa kifua, na Diriye akamkumbatia shingo ili asipigwe.

Na hapo, mdomo ukiwa sikioni mwa Guleid, Diriye akanong'ona.

"Usinishinde, walaal."

Guleid alidhani ni hila. "Nyamaza, pigana."

"Khalif kaniahidi kiti mimi pia. Anayeshinda ndiye mgonjwa wake anapanda." Pumzi yake ilikuwa moto. "Rukiyo. Mtoto wangu. Homa imempanda kichwani, tangu juzi hanijui. Ana miaka minne, Guleid."

Wapo wanaokitaka. Guleid aliikumbuka kauli ile ya Khalif.

"Unasema uongo."

"Naapa kwa aliyeniumba. Jawahir anakuja naye kiwanjani sasa hivi. Nililichukua jicho lako moja, nije nichukue na la pili kwa uongo?"

Guleid aliinua kichwa. Juu ya pipa, kamera ya Khalif ilikuwa ikiwatazama. Mbwa mmoja anawatupia mbwa wawili mfupa mmoja. Hapana, mbwa hafanyi hivyo. Mtu tu ndiye hufanya.

"Kwa nini hukuniambia jana?"

"Ungenisikiliza? Mwaka mzima hunijibu salamu."

Ilikuwa kweli. Mwaka mzima, tangu ahamie Elwak, Diriye alimsalimu sokoni, msikitini, kisimani, na mwaka mzima Guleid alipita kama anayepita mti.

Nje ya uzio injini ya ndege ilikohoa. Rubani, mtu wa Nairobi aliyevaa koti la ngozi, alikuwa amemfuata Khalif mpaka kwenye pipa.

"Bwana, mawingu yale unayaona? Mimi naondoka. Nikishaiwasha siulizi nani ameshinda."

"Ngoja kidogo, rafiki yangu," Khalif alimjibu kwa Kiswahili chake cha sokoni. "Hii fita si ya siku mbili. Sasa hifi nakwisha. Mgonjwa nabanda, wewe naruka, bas."

"Dakika tano."

Guleid alisikia. Diriye naye alisikia. Waliangaliana, sentimita kumi uso kwa uso, watu wawili waliowahi kula sahani moja. Kisha kila mmoja akakumbuka aliyemleta pale.

Diriye ndiye aliyepiga kwanza, kwa kiwiko, mdomoni. Guleid akatema jino. Akamgeuza, akapanda mgongoni mwake, akafunga miguu kiunoni, na mkono wake wa kulia ukapita chini ya kidevu cha rafiki yake kama nyoka anayerudi shimoni.

Kabali.

Mtu yeyote wa mieleka atakwambia: kabali hiyo ikikaa sawasawa, una sekunde kumi. Ndani ya hizo unapiga chini, au unalala.

"Piga chini, Diriye."

Diriye alitikisa kichwa kadiri alivyoweza.

"Piga chini, walaal, nakuomba."

Guleid alijisikia akilia. Uso wake ulikuwa umelala juu ya bega la Diriye, umegeukia kulia, na jicho lake la kulia lilitazama kupitia miiba mpaka kwenye mkokoteni. Ugbad alikuwa amelala kando sasa. Bi Sharifo alikuwa akimpigapiga mashavu. Damu ilikuwa imepenya mkeka na ubao, inadondoka chini ya mkokoteni, tone, tone, punda amegeuza shingo akiinusa.

Guleid akakaza.

Watu walikuwa wakipiga makelele. Walipiga makelele zaidi. Wengine waliinua mikono, wengine walirusha vilemba. Guleid alifikiri wanashangilia. Siku zote wamekuwa wakishangilia hapa, Garissa, Nairobi, kila mahali alipokaza kabali hii. Akakaza tena, macho kwa Ugbad, akimwambia moyoni, ngoja, ngoja, nakuja.

Mwili wa Diriye ulilegea.

Guleid aliachia. Hakumtazama. Alisimama, akaanguka, akasimama tena, akatoka mbio nje ya uzio, miiba ikimchana mabega, hata asiisikie.

"Mpandisheni," alisema. "Nimeshinda. Mpandisheni."

Akanyoosha mikono amnyanyue mkewe, kama alivyomnyanyua jana kumtoa nyumbani, na juzi kumvusha maji.

Mkono wa Bi Sharifo ukaja katikati yao.

"Usimguse," alisema. Hakusema kwa hasira. Machozi yalikuwa yakimtiririka. "Huna ruhusa tena, mwanangu."

Guleid alisimama na mikono yake imenyooka, imejaa tope, haina pa kwenda. Miaka saba ya ndoa. Alimjua Ugbad alivyocheka usingizini. Alijua upande gani wa shingo yake una kovu la utotoni. Na sasa alikuwa mwanamume baki aliyesimama karibu mno na mwanamke wa watu.

Akarudisha mikono.

Madereva wawili wa malori walikuja, wakaushika mkeka pande zote na kumbeba Ugbad mpaka kwenye ndege. Guleid alitembea kando yao, hatua tano mbali. Abiria wa Mandera walijisogeza. Kiti kile kimoja, karibu na mlango, wakakilaza nyuma, wakamweka Ugbad na kumfunga mkanda chini ya tumbo.

Alifumbua macho.

"Umefanya," alisema.

"Nimefanya."

"Mbona unalia hivyo? Wewe ndiye uliyeshinda."

Guleid alishika ukingo wa mlango. Hakutaka kusema, lakini maneno yalikuwa yamejaa kinywani pamoja na damu. "Diriye ana mtoto mgonjwa. Rukiyo. Khalif alimwahidi kiti hiki hiki. Aliniomba nisimshinde, na nikamshinda. Kiti ni kimoja, Ugbad. Ningefanya nini?"

Ugbad alimtazama. Mimi ninayekusimulia sijui macho yale yalisema nini, ila najua Guleid hatayasahau.

"Rukiyo yule wa Jawahir?" Ugbad aliuliza. "Yule kadogo?"

"Ndiye."

"Ana kilo ngapi yule, Guleid? Kumi na mbili?" Alivuta pumzi, ikamchukua muda kupatikana. "Si atakaa hapa pembeni yangu."

Rubani aliangalia kiti. Abiria waliangalia kiti. Kilikuwa kiti cha kawaida cha ndege, kitambaa cha buluu kimechanika, na kando ya paja la Ugbad ilibaki nafasi ya kutosha mtoto wa miaka minne aliyekonda kwa homa. Ilikuwapo tangu asubuhi. Ilikuwapo wakati Sheikh akiuliza swali lake. Ilikuwapo wakati Guleid akisema, mara mbili, hakulazimishwa.

Wanaume wawili walikuwa wameangalia kiti kile siku nzima, wakaona mtu mmoja. Walilelewa hivyo mkekani, ambako mmoja husimama na mmoja hulala. Mwanamke mmoja alikiangalia mara moja tu, akaona watu wawili.

"Kwa nini Diriye hakuja kuniuliza mimi?" Ugbad alisema.

Rubani alikuwa wa kwanza kujikohoza. "Mtoto aje basi. Upesi. Mimi sina neno."

Guleid aligeuka. Moyo wake uliruka, ndiyo, msomaji, hata siku kama hiyo moyo huruka. Atakimbia uzioni. Atamwinua Diriye kutoka topeni. Atamwambia, walaal, kiti kinatosha, tulikuwa wapumbavu, mlete mtoto. Pengine hata salamu ya mwaka mzima ataijibu leo.

Lakini Sheikh Mowlid alikuwa akija kwake mbio, hana miwani, amekamata mkono wa dereva yule mcheshi aliyetania talaka moja na nusu. Dereva hakuwa akitania sasa.

"Hukusikia?" Sheikh alisema. "Tulikupigia kelele. Watu wote tulikupigia kelele."

"Kelele gani?"

"Alipiga chini, Guleid." Sheikh aliinua kiganja chake mwenyewe. "Kwa mkono wa kushoto. Mara tatu. Kisha mara tatu tena. Tulikuita uachie."

Mkono wa kushoto. Upande wa jicho la kushoto. Jicho ambalo Diriye mwenyewe alilizima kwa dole gumba lake. Kiganja kilipiga tope laini lisilo na sauti, mara sita, na bingwa wa Elwak alikuwa akitazama kwingine.

Diriye alikuwa amekubali. Alikuwa amemwachia Ugbad kiti.

"Khalif aliona," Guleid alisema polepole. "Kamera ilikuwa kule. Khalif alimwona."

"Aliona," dereva alisema. "Nilimvuta suruali nikamwambia, simamisha. Akaniambia niondoe mkono, natikisa picha."

"Diriye yuko vipi sasa?"

Sheikh alimwachia dereva mkono, akageuka, akarudi uzioni, mara hii bila kukimbia. Na msomaji, kuna mwendo wa mtu ambao ni jibu, lakini Guleid alikataa kuusoma.

Akataka kumfuata. Hatua mbili tu alipiga.

Kutoka upande wa mji mwanamke alikuwa akikimbia katika maji ya kifundo, gauni amelishika kwa mkono mmoja, na kifuani, ndani ya shuka ya kijani, kichwa kidogo kikining'inia. Alikuwa Jawahir, mke wa Diriye. Hakuwa kwenye pigano. Mama wa mtoto mahututi hana muda wa kutazama wanaume wakiangushana. Aliambiwa tu afike kiwanjani ndege ikinguruma.

"Nimechelewa?" alisema akihema. "Imeshajaa?"

"Lete," Ugbad alisema kutoka ndani. Alinyoosha mikono yake myembamba. "Lete huyo mtoto, dada. Nafasi ipo."

Jawahir hakuuliza mara ya pili. Alimpandisha Rukiyo mlangoni, Ugbad akampokea, akamlaza ubavuni, kichwa cha mtoto juu ya tumbo lake lililojaa. Mkanda mmoja ukawazunguka wote watatu, ukimhesabu na yule ambaye bado hajazaliwa. Mtoto alifungua macho kidogo, akashika kidole cha Ugbad.

"Mungu akulipe," Jawahir alisema. "Mungu akuzalishe salama. Nitakuja Garissa hata kwa miguu."

Bi Sharifo aliegemea ubawa wa ndege akaanza kuomba dua. Rubani akafunga mlango. Kupitia kioo kilichojaa mikwaruzo, Guleid aliuona uso wa Ugbad mara ya mwisho. Hakumpungia. Aliweka tu kiganja chake kwenye kioo, kikabaki pale, na Guleid hakujua kama mwanamume baki ana haki ya kukiangalia.

Ndege ikakimbia, ikarusha tope juu ya watu wote, ikanyanyuka, ikaingia kwenye mawingu ya upande wa Wajir.

Khalif alikuwa ameshuka kwenye pipa, na pale aliposimama na kamera yake hapakuwa na mtu.

Jawahir alijifuta tope usoni kwa upindo wa shungi. Sasa tu, mikono yake ikiwa mitupu, ndipo alipomtazama vizuri mtu aliyesimama mbele yake: mdomo uliopasuka, mabega yaliyochanwa na miiba, kifua kilichopakwa tope jekundu. Akatabasamu. Lilikuwa tabasamu la mtu aliyechoka ambaye hatimaye amepata habari njema moja.

"Guleid, shemeji," alisema. "Kumbe mmepatana. Alisema ataomba mpatane. Kila siku alisema." Alipepesa macho huku na huku akitafuta katikati ya watu. "Sasa mwenyewe yuko wapi? Hakuja hata kumuaga mtoto?"

Guleid aliificha mikono yake mgongoni.

Nyuma ya Jawahir, ndani ya uzio, watu walikuwa wamepanga mduara, wameinamisha vichwa. Sheikh Mowlid alikuwa amepiga magoti. Alikuwa ameitoa begani shuka yake nyeupe, ameishika kwa mikono miwili juu ya Diriye, sikio lake limelala kifuani pake akisikiliza, akisikiliza, na shuka bado hajaiteremsha.

Jawahir akaanza kugeuza kichwa.